Mama Alivyochagua Mji wa Kuzeekea

Mwanangu, siku Baba mdogo Anaeli alipoingia uani kwetu Sakina, hapa Arusha, na jani la isale mkononi, wewe ulikuwa mgongoni mwangu unalilia meno, na mimi nilikuwa nafua nepi zako. Naikumbuka kama ya juzi kwa sababu nilikasirika mpaka sabuni ikaniponyoka. Hajaketi, hajapewa maji ya kunywa, mimi nimeshajua amekuja kumchukua bibi yako.

Najua nasaha huandikwa na wenye mvi. Mimi sina mvi, nina hasira tu, na shule yangu iliishia kidato cha nne. Lakini niliyoyaona kwa mama yangu sitaki yapotee kabla hujapata akili ya kuyaelewa. Na wewe utakuja kuwa na wazee mikononi mwako, mimi nikiwa wa kwanza, na baadaye utazeeka mwenyewe. Kwa hiyo kaa, usome polepole.

Kwetu Wachaga isale si jani la kuchezea. Ni mmea tunaoupanda mipakani na kwenye makaburi, na mtu aliyekukosea akija kwako amelishika, humkatalii. Hata kama alikutukana mbele ya kanisa zima, ukiliona lile jani unameza uchungu wako na kusamehe. Anayekataa isale huangaliwa vibaya na ukoo maisha yake yote. Ndiyo maana damu ilinichemka. Baba mdogo hakuja kuomba msamaha. Alilibeba lile jani ili Mama ashindwe kusema hapana.

Nikueleze ilikuwaje. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha, na mwaka ule alikuwa amestaafu. Baba yangu alikuwa ameshafariki, amezikwa Machame kwenye kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, kando ya nyumba kubwa aliyoijenga mwenyewe. Nyumba ile Baba aliijenga miaka yote ya kazi yake, sisi tukiwa tumebanana mjini kwenye vyumba viwili vya kupanga. Ndivyo watu wetu wanavyofanya, mwanangu, hata sasa. Mjini unabanana, nyumbani unajenga. Halafu nyumba yenyewe inafunguliwa Krismasi, mbuzi anachinjwa, magari yanapangana njiani, watu wanacheka, na Januari inafungwa. Krismasi moja baada ya nyingine tulidanganyika hivyo, tukiamini kwamba kule ndivyo kunavyokuwa siku zote.

Kwa ukoo mambo yalikuwa rahisi. Mwalimu amestaafu, mumewe amelala kule, nyumba ipo, arudi. Baba hakuacha mtoto wa kiume, ni mimi tu, na nyumba isiyotoa moshi ni aibu ya ukoo mzima. Mama asingekaa pale, kihamba kingeenda kwa atakayekaa.

Lakini Mama alikuwa anautaka mji wa Arusha, na alikuwa na sababu. Miaka ile ndiyo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Maduka tuliyozoea kuyaona rafu tupu yalijaa, mitumba ikamwagika chini kwenye maturubai, watalii wakawa wengi, na mji wetu mdogo ukajaa watu wanaotengeneza vitu kwa mikono. Huku mtu anatundika picha zake kwenye uzio, kule wengine wanachonga vinyago barazani, akina mama wa Kiarusha wanatunga shanga huku wanasengenya. Studio za watu binafsi zilianza, na kila kwaya ikataka kurekodi kaseti yake. Mama alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika wetu tangu mimi sijaolewa. Na baada ya kustaafu alikuwa ameanza kujifunza batiki nyuma ya nyumba ya jirani yetu, mama mmoja Mwarusha tunayemwita Yeyo, neno ambalo kwao maana yake ni mama.

Basi Baba mdogo akasimama pale uani, suti ya kijivu, viatu vimejaa vumbi la Sakina.

"Shikamoo Baba mdogo," nilisema bila kumwangalia.

"Marahaba. Mama yupo?"

"Anajua kama unakuja?"

"Ndeshi, nimekuuliza kama mama yupo."

Mama akatokea upande wa kwa Yeyo, mikono imekuwa ya zambarau mpaka kwenye viwiko kwa rangi ya batiki. Akacheka alipomwona. "Karibu shemeji! Mkono sikupi, utarudi Moshi umekuwa zambarau."

Baba mdogo hakucheka. Alilishika jani kwa mikono miwili. "Mama Ndeshi, ukoo umenituma. Nakuomba kwa jani hili, rudi nyumbani."

"Hilo jani nalitia kwenye jiko la mkaa sasa hivi!" nikasema.

"Ndeshi," Mama akasema, "kamnyonyeshe mtoto."

"Ameshanyonya."

"Mnyonyeshe tena."

Akaifuta mikono yake kwa kanga, taratibu, akalipokea lile jani. Nikajua amekwisha, tumempoteza. Mama akavuta kigoda, akamwekea shemeji yake kiti, akasema, "Haya. Nimelipokea, nimekusamehe. Sasa keti uniambie nimekusamehe nini."

Baba mdogo akaliangalia jani, akaniangalia mimi, akamrudia Mama. "Una maana gani?"

"Isale ni la mtu aliyekosa. Umelileta, nami nimesamehe, siwezi kurudi nyuma. Ila nataka kulijua kosa, nisije nikasamehe nusu nusu."

Ningependa uone ile sura. Mtu mzima, mzee wa kanisa, amekaa kwenye kiti cha plastiki anatafuta kosa lake mwenyewe. Nilileta chai ili nisikose neno. Alikunywa, akaweka kikombe chini, akakiinua tena.

"Watu wanasema, shemeji," alianza. "Kanisani, kwenye pombe ya mbege, msibani. Wanasema mke wa marehemu kaka yangu anachezea rangi mjini kama mtu asiye na kwao."

"Na wewe unawajibu nini?"

"Nanyamaza." Akafikiri. "Labda hilo ndilo kosa."

"Labda. Na wewe mwenyewe unaishi wapi, shemeji?"

"Moshi. Lakini mimi bado niko kazini."

"Na ukistaafu?"

Hapo alikizungusha kikombe chake mpaka chai ikamwagika. Halafu akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Kule juu naogopa, Mama Ndeshi. Krismasi ni pazuri. Siku nyingine sijui kukoje."

Mimi hasira zilinipanda upya. Yaani anamsukuma mjane wa kaka yake aende akakae mahali anapopaogopa yeye! Nikafungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Basi na mimi sijui," alimwambia. "Na hapa pia sijui. Arusha nimekaa nikiwa na kazi na miguu mizuri, sijakaa nikiwa mzee. Nitakuja Machame. Ila siji Krismasi. Nakuja masika yakianza, nitakaa mpaka baridi ya Julai ipungue. Halafu nitasema mwenyewe, na siku hiyo asiniletee mtu jani."

Baba mdogo alikubali upesi mno. Nafikiri alitaka tu kuondoka.

Usiniulize jinsi nilivyomgombeza Mama alipoondoka yule. Nilisema ameshategwa. Aliniacha nikasema mpaka nikachoka, kisha akavaa raba zake akatoka. Zilikuwa zimebaki wiki chache kabla ya mvua, na kumbe alikuwa ameamua kuupima mji nao, siyo Machame peke yake.

Namna alivyoupima ndiyo ninayotaka uiangalie. Alikwenda hospitali siku ambayo haumwi, akakaa kwenye benchi na wagonjwa, akaona foleni inavyokwenda na kama manesi wanawaamkia wazee shikamoo au wanapita tu. Alikwenda sokoni kwa miguu, akarudi na ndizi na viazi mkononi ajue mzigo unamlemea wapi. Alitoka mazoezi ya kwaya giza likiingia, akapita njia tatu tofauti kujua ipi ina maduka yenye taa. Alimwendea Yeyo akamuuliza waziwazi, "Nikiugua usiku, nani atasikia?"

Yeyo akamjibu, "Mimi. Unakoroma kama trekta, ukinyamaza nitajua kuna shida."

Mabaya ya mji nayo hakuyafumbia macho. Vumbi la kiangazi linaloingia mpaka kwenye sukari. Malori ya Nairobi yanayotikisa vikombe. Maji yetu yanayotia meno rangi. Kibaka alimpokonya kikapu stendi, akarudi nyumbani anacheka na kutetemeka kwa wakati mmoja, akasema, "Na hilo nalo liingie kwenye hesabu ya mji." Mwenye nyumba wetu naye alikuwa hana haya, kila akiona watalii wameongezeka anaona na sisi tumetajirika, anapandisha kodi.

Kuna jambo moja aliloniambia tukiwa tunachambua mchele, na mimi sikulitilia maanani siku ile. Alikuwa amezunguka kwa wachoraji na wachongaji. Wengi hawakumwangalia mara mbili, kwa sababu hakuwa mnunuzi, alikuwa bibi kizee mwenye raba. Watu wanasifu Arusha kwa sanaa, akasema, lakini sanaa inayowekwa ili mgeni ainunue haimsaidii mzee chochote, anaiona siku moja na kesho ameizoea. Kwa akina mama wa batiki walimkabidhi ndoo na kipande cha nta hata kabla hawajamuuliza jina. Kwenye kwaya akikosekana, sauti ya pili inayumba na mwalimu wa kwaya anatuma mtu kuuliza. "Hapo ndipo ninapoangalia," alisema. "Wapi wanaona pengo nisipokuwepo."

Masika yakaanza, akaenda. Alifunga begi moja.

Baba yako alikuwa safarini kikazi, anatembeza watalii, kwa hiyo nilikufunga mgongoni nikapanda kwenda kumwona mvua zikiwa zimekolea. Kutoka barabarani mpaka kihambani ni mteremko na mlima wa tope jekundu. Nilivua viatu. Njia nzima nilipita nyumba kubwa nzuri za watu wetu, za matofali, madirisha yenye nondo, mapazia yamefungwa, hakuna hata kuku. Moshi ulikuwa unatoka kwetu tu, na kwa bibi mmoja jirani ambaye alishakuwa hasikii.

Nilitegemea kumkuta amekonda nipate la kusema. Alikuwa amenenepa! Maziwa, mtori, hewa. Alinipokea vizuri, akakuchukua, akakuimbia. Nikamuuliza kukoje.

"Pazuri, Ndeshi, usijidanganye. Hata kelele hakuna. Baba yako yuko pale nje, asubuhi natoka namsalimia, nafagia kaburi, namweleza habari zako."

"Halafu?"

"Halafu inakuwa saa moja asubuhi."

Aliendelea kukuchezesha mapajani kama vile hajasema kitu. Baadaye ndipo alipoeleza mengine, tena kwa kumbana. Kanisa liko juu ya kilima na njia inateleza, Jumapili nyingi zilimpita. Kwaya ilibakiwa na wazee wachache wanaoimba sauti moja, maana vijana wote wako Moshi, Arusha na Dar. Siku moja aliteleza njiani kwenda kuchota maji, akakaa kwenye tope akingoja apite mtu amshike mkono. Alipoteleza ilikuwa asubuhi. Mtu alipita jioni, anapeleka maziwa.

"Siku nzima, Mama?"

"Niliimba," akasema. "Nilipochoka kuimba niliongea na ng'ombe wa jirani. Ni msikilizaji mzuri, ila hajibu."

Nikataka kumbeba siku ileile. Akakataa katakata. Aliwaambia mpaka Julai, basi ni mpaka Julai, asije mtu akasema hakukaa vya kutosha.

Julai ilipofika wazee wa ukoo walikuja kusikia jibu. Walikaa sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa alivyovifuma Mama mwenyewe, wamevaa makoti, wanasifia nyumba ilivyo safi, wanasifia moshi. Niliwahesabu kichwani: kila mmoja alikuwa ametoka mjini asubuhi ile na angerudi mjini jioni ile. Mama aliwapa chai na ndizi, akasubiri wamalize kula.

"Nimekaa," akasema. "Sikuja kutembea, nimekaa. Mahali hapa panamfaa mtu anayependa kulima na kufuga, anayeweza kukaa kimya na nafsi yake isimsumbue. Mimi nilifundisha watoto miaka yote. Nikikaa kimya siku nyingi nasahau maneno. Narudi Arusha."

Mzee mmoja akakohoa. "Na nyumba ya mumeo, Mwalimu? Unaiacha baridi?"

Mama akatoa ufunguo kwenye fundo la kanga, akauweka mezani katikati ya vikombe. "Anayeumizwa na nyumba kukosa moshi achukue ufunguo, awashe moto. Simzuii."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Waliangalia ule ufunguo kama vile ungewauma. Nilikuwa karibu kucheka ndipo Baba mdogo Anaeli akainuka, akauchukua, akautia mfukoni, akarudi kukaa. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Sasa hasira yangu yote ikageuka upande. Jikoni nilimvamia Mama. Nyumba ya Baba! Matofali yale sisi tulilala watu watatu kitanda kimoja ili yapatikane, na yeye anampa mtu ufunguo kama anampa kiberiti! Nilisema mengi, mwanangu, mengine sitayaandika.

Mama alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka. "Ndeshi, kwenye tope nilikaa mimi. Hiyo hasira ni yangu mimi au ni ya nyumba?"

Nilishika kitambaa nikaanza kukausha vikombe, mpaka leo hicho ndicho nilichomjibu.

Basi, nikueleze yaliyofuata. Baba mdogo alistaafu, akahamia kule juu na mkewe, akitetemeka. Kumbe ni mahali pake! Mtu yule aliyekuwa na suti ya kijivu sasa anakata majani ya ng'ombe alfajiri, amefufua mibuni iliyokuwa imekufa, amechimba ngazi kwenye ile njia ya tope na kuweka mawe. Ukimtembelea hakuruhusu uondoke bila kuona ndama. Krismasi sisi ni wageni, tunalala chumba cha watoto kwenye nyumba ya baba yangu, na nakwambia ukweli, bado inanichoma. Mama haimchomi. Anakwenda kumsalimia mumewe asubuhi, anafagia, anarudi anakunywa chai ya shemeji yake.

Na Arusha? Mama yuko chumba cha pili kutoka kwetu. Vumbi lipo, malori yapo, mwenye nyumba yupo. Lakini Jumanne na Alhamisi anakwenda kwaya kwa miguu yake, na kwenye kaseti ya pili ya kwaya ile sauti unayoisikia chini ya nyingine zote ni ya bibi yako. Batiki zake zimepinda, ndege anawachora kama viazi, na watalii wanazipenda, sijui kwa nini. Alipougua kichomi, Yeyo aligonga mlango wetu alfajiri kabla mimi sijajua. "Hakoromi," akasema. Tulimwahi. Kila ninapomsikia akifungua madirisha yake asubuhi namshukuru Mungu, namshukuru Yeyo, na ingawa inanikera kusema, namshukuru hata Baba mdogo na jani lake, maana bila yeye Mama asingelazimika kuuliza, na sisi tungeendelea kuamua kwa mazoea.

Sasa nikwambie wazi, usije ukasema mama yako alizunguka tu.

Mwanangu, siku ya kuamua mtu azeekee wapi, usiende kupaangalia siku ya sikukuu. Kila mahali ni pazuri siku ya mbuzi. Nenda kwenye mvua, nenda siku ya kazi, ukae mpaka uchoshwe, ndipo utajua. Mji usiupimie kwa sifa zake wala picha zake. Uliza kama kuna ndoo yako pale, kama kuna sauti yako, kama kuna mtu atakayeshtuka ukinyamaza. Jaribu miguu yako kwenye njia zake kabla hujapakia vyombo. Na usimshike mzee wako kwa aibu ya watu, wala kwa kaburi, wala kwa nyumba. Usimshike hata kwa upendo, kama mimi nilivyotaka kumbeba mgongoni wakati mgongo wenyewe ulikuwa na wewe. Muulize, halafu unyamaze asikike. Linalomfaa mmoja linamwua mwingine. Baba mdogo angekauka hapa Sakina, na Mama angekauka kule.

Na ukiona utapoteza kitu kwa kuchagua vizuri, kipoteze. Utakasirika. Kasirika tu, hasira haijawahi kuniua mimi.

Mungu akupe uzee wenye kazi ya mikono na watu wanaokuuliza kabla hawajakufungia mizigo. Akupe majirani wenye masikio. Na mimi akinifikisha huko, aniweke mikononi mwako, akuongezee na subira, maana nakujulisha mapema: nitakuwa mkali.